Vilima Vitatu vya Nyarugusu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepata kazi! Sahihi zaidi: nimepata nusu ya nafasi ya kupata kazi. Nusu nyingine anayo Cornel.

Umoja wa wachimbaji wadogo kule Nyarugusu wanataka mtandao wao wenyewe. Vituo 212: maduara wanakochimba, makarasha ya kusagia mawe, zahanati moja, na chumba cha kikosi cha uokoaji. Duara likiingia maji, aliye juu anabonyeza simu, waokoaji wanapata habari papo hapo. Simu 1,200 zitapita humo. Mwenyekiti wao ni Mama Paskazia, mwenye makarasha mawili na sauti ya makarasha manne. Amesema halichimbwi hata shimo la nguzo moja kabla hajaonyeshwa, kwa hesabu, mtandao utakuwaje saa ya msongamano. Fundi wa mwaka juzi alianza na nguzo. Nguzo zipo mpaka leo. Zinaanikiwa nguo.

Kwa hiyo mtandao unajengwa ndani ya kompyuta kwanza, wa kuigiza, unasongwa mpaka ulie, ndipo waya ununuliwe. Mimi au Cornel. Siku ya kuonyesha ni Jumamosi tarehe 16.

Cornel! Mimi ndiye niliyemfundisha kubana waya. Miaka minne kashika ngazi yangu. Sasa ana diploma, ofisi yenye mlango wa kioo hapa hapa Kalangalala, na fulana za bluu zenye jina lake mgongoni. Mwezi uliopita kaniletea moja, saizi yangu kabisa, na ujumbe: mwalimu, njoo tufanye kazi wote. Wote! Jina mgongoni ni moja.

Martina, mke wangu, kasema nikiikosa hii naivaa. Hakuna mjadala, Baba Rebeka, duka la kutengeneza simu halitulishi. Nikamwambia sawa. Nilikuwa na uhakika.

Bado ninao.

Jumanne, 5 Agosti

Programu za kuigiza mitandao zinauzwa. Cornel kanunua. Mimi naandika yangu. Sikusoma chuo, nilianza na redio mbovu za watu kule Shinyanga, na kila ninachokijua nimekifungua kwa bisibisi. Kompyuta yangu haina kitufe cha M. Ndani ya programu mimi Mabula naitwa Abula. Si kitu.

Mpango wangu ulikuwa safi. Kila milisekunde programu inapita vituo vyote 212 ikiuliza: una kitu? Hakuna. Na wewe? Hakuna. Nimeiwasha nikaenda kula. Katikati ya ugali nikapiga hesabu. Siku moja ina milisekunde 86,400,000. Mara 212 ni maswali 18,316,800,000. Kompyuta yangu inauliza maswali laki moja kwa sekunde. Jibu: saa hamsini na dakika hamsini na mbili.

Siku moja ya kuigiza inakula siku mbili za kweli na ushee! Yaani nikitaka kujua kesho kutatokea nini, nisubiri mpaka keshokutwa.

Na karibu majibu yote ni "hakuna". Hilo ndilo linaloniuma. Maswali bilioni kumi na nane ya bure.

Jumatano, 6 Agosti

Umeme umekatika upande wangu. Nimehamia saluni kwa Martina, yeye ana sola. Nimekaa kwenye kiti cha wateja nikinuka dawa ya nywele, nimenuna.

Lakini nikaona kitu. Martina ana daftari. Kila mwanamke anayesuka anaandikwa siku ya kurudi. Martina anafungua, anatazama jina la juu, anamsuka, anamkata kwa kalamu, anaandika siku yake nyingine mahali pake, anatazama jina linalofuata. Katikati anakunywa chai. Hampigii simu kila mteja kila dakika kumwuliza kama nywele zimechakaa!

Nimeruka kwenye kiti. Mteja aliyekuwa chini ya kitana akapiga yowe. Ndiyo yenyewe! Programu isiulize. Iwe na daftari la matukio yaliyopangwa kwa muda: simu ya duara la 14 itatuma saa fulani, rauta ya karasha itapokea saa fulani. Ichukue tukio la juu, ilitekeleze, iandike lililozaliwa, kisha IRUKE moja kwa moja mpaka la pili. Muda mtupu katikati haupo. Umefutwa.

Nimefuta muda! Martina kasema vizuri, sasa futa na hizo nywele sakafuni.

Kutoka saa hamsini na dakika hamsini na mbili tumeshuka hadi saa tisa na nusu. Nimefagia kwa furaha.

Alhamisi, 7 Agosti

Programu inahitaji kujua watu hutumia mtandao wakati gani. Bila hiyo ninaigiza hewa. Nimetengeneza fomu ya swali moja: "Unatumia mtandao zaidi saa ngapi? Andika namba." Namba tu! Maneno kama "asubuhi" na "usiku" yanakula kumbukumbu ya kompyuta bure. Mara watu 1,200, ni herufi elfu kadhaa za kubeba mgongoni. Programu bora haibebi mzigo usio na kazi.

Nimemtumia Masudi, katibu wa umoja, azigawe kwenye makarasha. Akauliza kama namba tu inatosha. Nikamwambia kaka, kazi ya namba niachie mimi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Watu wako sikukuu. Mimi niko vitani.

Nimeenda kwa Cornel nikijidai naazima koleo la kubania waya. Ofisi wazi, kama nilivyodhani. Kanikaribisha kwa shikamoo mwalimu ndefu, mbele ya wafanyakazi wawili wenye fulana. Nikaitikia marahaba huku jicho liko kwenye kioo chake. Programu yake nzuri, sikatai. Rangi. Mistari inayocheza. Pembeni imeandikwa asilimia 3.

Nikamwuliza, kwa upole wa kizee, kama anahesabu kila pakiti, kila kipande cha data, peke yake. Akasema anafikiria kupunguza, maana inachelewa. Nikashika kifua. Kupunguza! Mama Paskazia yule anayejua kila jiwe lake? Nikamwambia kwa mapenzi ya mwalimu: hesabu kila pakiti, mwanangu, hesabu na simu iliyozimwa. Mteja anapenda undani.

Akanishukuru. Wabeja, mwalimu, akasema. Akaandika kwenye daftari!

Nimetoka nikitembea kama niliyepewa ng'ombe.

Jumamosi, 9 Agosti

Nyarugusu, kuchukua fomu. Masudi kahakikisha zote zimejazwa. Mtu mwaminifu. Wakati anazifunga kwa mpira nimesimama kwenye karasha lake, vumbi mpaka kwenye kope, nikiangalia wanavyopokea mawe. Wanapokea kwa viroba. Viroba vya duara la 9, vimefika vinane. Hakuna anayehesabu mawe. Nikamwuliza Masudi kiroba kina mawe mangapi. Akaniangalia kama mtu aliyepigwa na jua. Akasema fundi, kina kiroba.

Kina kiroba!

Mtu anayeangalia mpira kwenye simu anapokea pakiti laki na zaidi, zote zinafanana, zinapita njia moja. Kwa nini niziandike moja moja daftarini? Nifunge kiroba: kutoka saa hii mpaka saa hii, mkondo wa ukubwa huu unapita hapa. Tukio moja la kuanza, moja la kumaliza, na jingine pale tu kiroba kingine kinapotaka njia hiyo hiyo na inabidi wagawane. Ujumbe wa hatari peke yake ndio ubaki jiwe moja moja, maana huo ndio tunaoutafuta.

Saa tisa na nusu imekuwa dakika arobaini. Na Cornel anahesabu mawe. Kwa ushauri wangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeingiza fomu zote. Jambo la ajabu sana. Naandika polepole nisilikosee.

Matumizi ya Nyarugusu yana vilima vitatu. Watu 396 wameandika 2. Watu 402 wameandika 8. Watu 391 wameandika 20. Waliobaki ni 11, akiwemo mmoja aliyeandika 77.

Kompyuta imechora: kilima cha kwanza saa nane usiku, cha pili saa mbili asubuhi, cha tatu saa mbili usiku. Vimelingana kama vimepimwa kwa kamba!

Nani yuko macho saa nane usiku Nyarugusu? Watu 396! Nimekaa na swali hili mpaka chai ikaota ngozi. Labda ni bando za usiku, zile za bei ndogo. Wachimbaji ni watu wa hesabu. Labda zamu ya chini ya ardhi inatoka muda huo. Labda wanaongea na wake zao walioko mbali, wakati watoto wamelala. Nimeiona jamii nzima ambayo hakuna aliyeijua, na nimeiona kwa namba tu, bila kuinuka.

Nimeipa jina: Kanuni ya Mabula. Watu wakiachwa huru hujigawa wenyewe mafungu matatu sawasawa.

Na angalia faida yake. Mnara mmoja unabeba simu 110 kwa mara moja. Kilima kirefu ni 402. Minara minne inatosha! Nimesikia sokoni Cornel anasema kumi na miwili. Kumi na miwili! Anataka kupanda msitu.

Jumatano, 13 Agosti

Dakika arobaini bado ni nyingi. Mama Paskazia hakai dakika arobaini bila kumfokea mtu. Nikataka kompyuta mbili: moja iigize vituo vya mashariki, nyingine vya magharibi. Ya pili nimeazima kwa Serafina, karani wa parokia. Kakubali kwa sharti kwamba popote kompyuta iendapo naye anakwenda, maana ndani yake kuna ubatizo wa watu wote tangu mwaka 2003.

Vurugu tupu! Ya Serafina ni mpya. Ikakimbia. Nikaangalia: upande wake wameshafika saa kumi jioni, upande wangu bado ni saa nne asubuhi. Halafu kutoka kwangu ukaenda ujumbe wa saa nne na dakika tano. Kwake saa nne imeshapita zamani! Ikapokea barua kutoka jana yake. Ikaanguka chali.

Serafina kauliza kama ubatizo uko salama.

Nimewaza asubuhi yote. Jawabu ni adabu. Hakuna ujumbe unaoweza kutoka mashariki kufika magharibi chini ya milisekunde tano, maana kila rauta njiani inauchelewesha kidogo. Basi kila kompyuta inamwambia mwenzake: mimi nimefika hapa. Na mwenzake anaruhusiwa kutangulia milisekunde tano tu, si zaidi, kisha asubiri. Ndani ya hizo tano hakuna habari inayoweza kumfumania. Zinakwenda kama watu wawili waliobeba kitanda.

Dakika ishirini na tatu. Si ishirini, tatu zinaliwa na kusubiriana. Najua zinakokwenda, kwa hiyo haziniumi.

Nimemweleza Serafina. Akasema kumbe shida yote ni watu wawili kutokubaliana sasa hivi ni saa ngapi. Nikasema ndiyo, lakini kwa kompyuta. Watu hawana tatizo hilo.

Ijumaa, 15 Agosti

Kila kitu tayari. Minara minne. Nimemwonyesha Martina vilima. Kaangalia muda mrefu, kitana mkononi. Akauliza hii saa nane ni ipi. Nikasema ya usiku. Akasema mbona wateja wake wa Nyarugusu wanasema kule watu hulala saa nne, wamechoka kama mizigo. Nikamweleza habari ya bando. Akasema haya.

Ile "haya" yake siipendi. Lakini yeye hana namba.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika kwa utaratibu, ili siku moja ukweli ujulikane.

Ukumbi wa umoja, watu kama sitini, chai na mihogo. Cornel kaanza. Programu yake haijamaliza. Asilimia 11! Nikafurahi kimoyomoyo. Kisha akasema, mbele ya wote, na kwa heshima ile ile, kwamba imechelewa kwa sababu mwalimu wake Mabula alimshauri ahesabu kila pakiti, mpaka simu zilizozimwa. Ukumbi ukanigeukia. Nikaangalia muhogo wangu.

Akaendelea: kwa hiyo alifanya jambo jingine. Alikuja akalala Nyarugusu siku tatu, akaangalia. Kila siku, saa mbili usiku, watu wote wameoga, wamekula, wameshika simu. Wote kwa pamoja. Minara kumi na miwili.

Nikasimama mimi. Serafina pembeni na kompyuta yake kifuani. Nikaonyesha daftari la matukio, nikaonyesha viroba. Kwenye viroba walipiga makofi, hilo liandikwe. Kisha vilima vitatu. Nikasema kilichofichika kwa wengine nimekiona mimi: kuna watu 396 kati yenu wanaotumia mtandao saa nane usiku.

Mama Paskazia kaweka kikombe chini. Akauliza saa nane usiku ni kina nani, maana kama ni walinzi wake anataka majina.

Akamgeukia Masudi, akamwuliza yeye aliandika nini. Masudi kasimama, kakunja kofia. Kasema aliandika mbili, mama. Saa mbili. Baada ya kuoga. Jirani yake akasema yeye kaandika nane, simu yake saa mbili ya usiku inaandika nane. Mzee mmoja nyuma akasema ya kwake inaandika ishirini, na wote watatu hukaa benchi moja wakati huo, wanaangalia simu ya huyu wa nane.

Nikatazama fomu upya: 2, 8, 20.

Kicheko! Nilidhani bati litang'oka. Mmoja akapaza sauti: fundi, kumbe mimi na mke wangu tunalala vilima tofauti! Mama Paskazia peke yake hakucheka. Akanyoosha kidole kwenye kompyuta. Weka wote saa mbili usiku, akasema. Na minara yako minne hiyo hiyo. Halafu ingiza maji kwenye duara la 31.

Duara la 31 ni la mdogo wake.

Dakika ishirini na tatu. Watu walikunywa chai. Kompyuta mbili zilisubiriana vizuri sana, sikuwahi kuziona zikisubiriana vizuri namna ile. Jibu likaja nikalisoma mwenyewe, sikuwa na ujanja: ujumbe wa duara la 31 umefika kwa waokoaji baada ya dakika kumi na tisa.

Hakuna aliyecheka tena. Hata mihogo iliachwa.

Nikaongeza minara. Watu 1,189 kwa 110 ni kumi nukta nane. Minara kumi na mmoja. Dakika nyingine ishirini na tatu, na hakuna aliyeondoka. Ujumbe ukafika chini ya sekunde moja.

Mama Paskazia kasema kazi ni ya Cornel, kwa sababu alikuja akaangalia. Lakini hachimbi shimo hata moja kabla ya programu ya huyu mzee kulipitisha, kwa sababu nayo imesema ukweli ilipoulizwa vizuri. Minara ni kumi na mmoja, si kumi na miwili. Mgawane.

Huyu mzee! Nina miaka arobaini na sita.

Jumatatu, 18 Agosti

Fulana inabana kwapani. Nimeivaa ndani ya shati. Martina hakusema ivaliwe juu. Cornel kanipa meza karibu na dirisha na kibodi yenye M. Nimekuwa Mabula tena. Kaniuliza milisekunde tano za kusubiriana nilizipataje, nikamweleza, akaniomba nirudie. Nikarudia mara mbili. Ya pili hakuiomba.

Kuhusu Jumamosi nimetafakari kwa kina. Namba zilikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la saa. Saa ni kitu kisicho na msimamo, kila simu ina yake, na mtu makini hapaswi kuitegemea. Hilo nimelielewa, na halitatokea tena.

Jumatano, 20 Agosti

Kazi mpya, na Cornel kaniachia niiongoze! Wafanyabiashara wa Segese, maduka 340. Safari hii fomu yangu haina saa kabisa. Nimeifuta. Ninachotaka ni umbali tu, ili nijue urefu wa waya, na nimeurahisisha ili hata asiyejua mita ajibu: "Kutoka dukani kwako mpaka stendi ni dakika ngapi? Andika namba." Dakika haina ugomvi. Dakika ni sekunde sitini popote duniani.

Majibu yamefika mchana, na yananishangaza. Maduka 171 yako dakika tano kutoka stendi. Maduka 169 yako dakika thelathini na tano. Katikati hakuna kitu! Kuna mama wa vitenge na jamaa wa vipuri vya pikipiki waliojiandika wanashea ukuta mmoja: mama thelathini na tano, na pembeni kaongeza "kwa miguu", jamaa tano.

Cornel kapita mezani, kaangalia, kauliza kama si afadhali twende tukaone. Nikamwambia namba zimeshasema.

Segese ni miji miwili. Mmoja uko karibu, mwingine mbali, na ukuta wa vitenge uko mpakani kabisa. Nimejiuliza alasiri nzima imekuwaje hakuna aliyewahi kuugundua huo wa pili. Nimefungua ramani. Ramani inaonyesha mji mmoja.

Ramani imekosea.